WEWE UNAITISHWA CHETI CHA HELB. CHUO KINAITISHWA NINI?



Kijana wa Kiritiri, wewe uliyemaliza kidato cha nne na sasa uko kwenye saiba unajaza fomu ya ufadhili wa masomo, haya ni yako. Na wewe wa Siakago, wa Embu mjini, wa Meru, wa Maua, wa Isiolo, soma pia. Dada zetu msome zaidi, manake mara nyingi karo ikikosekana nyumbani nyinyi ndio mnaambiwa mngoje mwaka ujao.

Tuanze na jambo unalolijua. Siku utakayoomba kazi ya serikali hapa Kenya utaitishwa rundo la vyeti. Cha KRA, kuonyesha hudaiwi ushuru. Cha polisi, kuonyesha tabia njema. Cha EACC. Cha CRB. Na cha HELB, kuonyesha kwamba mkopo uliosomea unaulipa inavyotakikana. Ukikosa kimoja, karatasi zako zinawekwa kando.

Hakuna neno. Aliyekopa alipe. Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa uzito wa deni, tunajua linavyomfuata mtu mpaka kaburini.

Lakini swali langu ni hili: chuo kilichopokea pesa kwa jina lako kinaitishwa cheti gani na wewe?

Sisemi vyuo havikaguliwi kabisa. Chuo cha ufundi ni lazima kisajiliwe na TVETA chini ya sheria ya mwaka 2013. Chuo cha umma hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali na ripoti yake hupelekwa Bungeni. Sawa. Ila ripoti hiyo hufika wakati muhula wako umeshapita, na ndani yake hutaona mstari unaosema: fulani, pesa zako ziliingia siku hii, zikatumika hivi, na salio lako ni hili. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, mwenye kuulizwa ni mwanafunzi tu. Chuo kinauliza, HELB inauliza, Wizara inauliza. Wewe unajibu.

WANAVYOKUPIMA WEWE

Mfumo mpya wa ufadhili ulizinduliwa Mei 2023. Unakupanga kwenye tabaka moja kati ya matano kulingana na mapato ya nyumbani kwenu. Kwa vyuo vikuu hesabu ni hii: tabaka la kwanza ni familia yenye mapato yasiyozidi Sh 5,995 kwa mwezi. Hapo serikali inatoa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na mzazi analipa asilimia 5. Tabaka la tatu ufadhili ni asilimia 50, mkopo 30, mzazi 20. Tabaka la tano, familia yenye mapato ya zaidi ya Sh 120,000, ufadhili 30, mkopo 30, mzazi 40.

Chukua kalamu. Tuseme kozi yako gharama yake ni Sh 200,000 kwa mwaka. Ukiwekwa tabaka la kwanza, mzazi atatafuta Sh 10,000. Ukiwekwa la tatu, atatafuta Sh 40,000. Kwa miaka minne hiyo ni 40,000 dhidi ya 160,000. Kuna nyumba huku Mbeere ambazo tofauti hiyo ndiyo kijana kusoma au kurudi shambani. Na uamuzi wenyewe unatolewa na hesabu za kompyuta kutokana na majibu uliyoandika ukiwa umekaa kwenye saiba, mwenye saiba akikuharakisha kwa sababu foleni ni ndefu.

Sasa ona ugumu wa mahali petu. Fomu inauliza mapato kana kwamba kila mzazi ana hati ya mshahara. Mzazi wa Kiritiri ana ndengu mvua ikinyesha. Ana mbuzi wawili watatu. Ana muguka. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku. Wengi wetu tulishangilia, na sababu zetu tulikuwa nazo, tumeona muguka ulivyowafanya vijana mitaani kwetu Pwani. Huo ni mjadala wake. Lakini tuwe wakweli: ule mti ndio hati ya mshahara ya Mbeere. Soko likifungwa kwa tangazo la gavana, mapato yaliyoandikwa kwenye fomu mwezi uliopita si mapato tena. Kompyuta haijui hilo mpaka mtu aiambie, na wewe ndiye wa kuiambia, kwa kukata rufaa ya tabaka lako.

Tena mabwawa ya Tana yako hapo chini tu: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru, Masinga, Kiambere. Umeme wa nchi umetoka upande huu zaidi ya miaka hamsini. Watu wa hapa hawakuishi kwa kuomba. Wametoa. Mtoto wao akiomba ufadhili anadai fungu lake, haombi sadaka.

PESA HAZIJI KWAKO, DENI NDILO LINAKUJA KWAKO

Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa hivyo soma polepole.

Ufadhili na ile sehemu ya mkopo inayolipa karo haviingii mfukoni mwako. Vinakwenda kwenye akaunti ya chuo. Kinachokujia wewe ni pesa za matumizi. Lakini mkopo wote, ule uliopita mkononi mwako na ule ambao hukuuona, umeandikwa jina lako na namba ya kitambulisho chako.

Sheria ya HELB ya mwaka 1995 inakutaka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukichelewa, faini ni Sh 5,000 kila mwezi. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Zamani faini na riba zilipanda mpaka mtu aliyekopa kidogo akadaiwa mlima. Mwaka 2022 watu watatu walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikasema HELB haiwezi kudai zaidi ya mara mbili ya deni la msingi. Watu watatu, ndugu yangu. Leo kila mkopaji wa Kenya anaweza kujikinga kwa hukumu hiyo.

Kuhusu riba, najua swali unalo. Dai la mkopo usio na riba Waislamu wa Kenya wamelitoa kwa miaka, na ni dai la haki. Waingereza walipitisha sheria mwaka 2017 iliyoruhusu njia mbadala kwa wanafunzi Waislamu, na mpaka mwaka 2025 kijana wa Kiislamu wa London alikuwa bado hajaiona njia hiyo. Kwa hivyo sheria kuandikwa ni jambo moja na sheria kutekelezwa ni jambo jingine. Hukumu ya dini muulize mwanachuoni unayemwamini. Mimi hapa naongea juu ya kitu ambacho hakihitaji fatwa: pesa iliyochukuliwa kwa jina lako ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuulizwa.

Sote tulifundishwa madrasa ubaya wa wapunjao, wale wanaojipimia kikamilifu na kuwapimia wengine pungufu. Sasa pima hii. Mfumo wa ufadhili unajua mapato ya baba yako, kazi ya mama yako, idadi ya ndugu zako na namba zenu za vitambulisho. Wewe unajua nini juu ya akaunti yako pale chuoni? Mara nyingi ni namba moja tu iliyoandikwa kwa wino mwekundu: salio la karo.

KWINGINE CHUO NDICHO KINAPIMWA

Huko Marekani chuo kinachotaka kupokea pesa za serikali kuu za kusaidia wanafunzi ni lazima kitie saini mkataba na Wizara ya Elimu. Masharti yake yana meno. Mwanafunzi akiwa na salio la ziada baada ya karo kulipwa, chuo kina siku 14 kumrudishia. Mwanafunzi akiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, hesabu hupigwa upya na chuo hurudisha sehemu ambayo haikusomewa. Na wahitimu wa chuo wakishindwa kulipa mikopo kwa wingi, asilimia 30 miaka mitatu mfululizo au zaidi ya 40 kwa mwaka mmoja, chuo chenyewe kinaweza kukatwa kabisa kwenye mikopo hiyo. Yaani vijana wakikosa kazi kwa sababu masomo yalikuwa hewa, chuo nacho kinaonja uchungu.

Msinielewe vibaya, Marekani si mwalimu wetu wa haki. Kulikuwa na kampuni ya vyuo iitwayo Corinthian Colleges iliyokula mikopo ya wanafunzi kwa miaka, ikiwadanganya juu ya kazi watakazopata. Ilifunga vyuo vyake vya mwisho Aprili 2015, wanafunzi kama 16,000 wakaachwa njiani na madeni yao. Masharti yalikuwepo, serikali ikasinzia. Nani aliiamsha? Wanafunzi. Februari ya mwaka huo kumi na tano kati yao walisimama hadharani wakasema deni hili ni la udanganyifu. Kumi na tano tu. Juni 2022 serikali ya Marekani ikafuta mikopo yote ya waliosoma vyuo hivyo, dola bilioni 5.8, watu 560,000.

Sisemi usilipe HELB. Lipa, manake kuna mdogo wako anayengoja pesa hiyo hiyo. Ninachosema ni kwamba sheria bila wanafunzi wa kuisimamia ni karatasi, hata kwa tajiri.

NA SISI HAPA TUNAZO

Watu wengi wanadhani Kenya hatuna sheria ya kukiuliza chuo. Tunazo, tena nzuri. Shida ni kwamba hatuzitumii.

Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya elimu. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wowote wa kiutawala uwe wa haki, wa haraka, na ukikuumiza upewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ndiyo imekipa kifungu hicho miguu. Barua yako inaweza kuwa ya Kiingereza au ya Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo. Hulipishwi kwa kuomba, labda gharama ya kutoa nakala tu. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hiyo. Wana siku 21 kukujibu. Wakikataa au wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Na usidanganywe ati chuo cha kibinafsi hakihusiki: sheria inagusa pia taasisi za kibinafsi zinazopokea pesa za umma.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inatambua haki yako ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake, na haki ya kuomba uamuzi wa aina hiyo uangaliwe upya. Ukiwekwa tabaka ambalo si lako, usilie kwenye WhatsApp. Kata rufaa, na kwenye rufaa yako itaje sheria hiyo.

Na kama unafikiri mahakama ni za wakubwa, kumbuka Desemba 2024. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, pamoja na wenzake waliupeleka mfumo wenyewe wa ufadhili mbele ya Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu. Jaji akasema mfumo unabagua na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mapema mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo wakati rufaa ikingoja, kwa hivyo vita havikuishia hapo. Lakini serikali ililazimika kusimama kizimbani kueleza. Kama serikali inaweza kuulizwa, mhasibu wa chuo ni nani asiulizwe?

JAMBO LA KITAMBULISHO

Hapa pana kidonda chetu. Bila kitambulisho njia ya kuomba ni ngumu. Fomu inataka chako na vya wazazi. Laini ya simu iwe kwa jina lako. Sasa kijana ambaye wazee wake walitoka Garissa, Wajir au Moyale wakaja kufungua duka huku Embu, anajua kilichokuwa kikimngoja: aitwe mbele ya wazee apigwe msasa, aulizwe babu wa babu yake, arudishwe mara tatu. Mwenzake wa darasa moja alichukua kitambulisho akaomba ufadhili akaingia chuo, yeye bado anangoja.

Februari 2025 Rais alitangaza kwamba msasa huo wa ziada umekwisha. Alhamdulillah. Lakini tangazo la Rais linafika Kiritiri siku karani wa usajili anapolitii. Ukiambiwa leo ulete vitu ambavyo jirani yako Mmbeere hakuulizwa, taka hilo kwa maandishi. Andika tarehe, andika ofisi, andika ulichoambiwa. Mtu anayekubagua kwa mdomo huogopa sana kalamu.

"LAKINI SERIKALI NDIYO IMECHELEWESHA"

Hili jibu utapewa, na mara nyingi ni kweli. Pesa za serikali huchelewa. Chuo nacho kina umeme wa kulipa na walimu wa kulipa. Tunaelewa.

Lakini mbona mzigo wa kuchelewa unaangukia asiyechelewesha? Serikali ikichelewa kukilipa chuo, chuo hakiifungii Wizara mlango. Kinamfungia mwanafunzi. Anazuiwa mtihani, anafungiwa hosteli, mwisho anazuiliwa cheti. Mwaka 2023 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, aliviambia vyuo vikuu vipokee wanafunzi wapya hata kama karo haijalipwa. Kwa nini waziri alilazimika kusema? Kwa sababu bila kusemwa, mlango ungefungwa.

Wengine watakwambia: "Nyinyi Waislamu huku ni wachache, msijitafutie maneno." Ndugu, hili si jambo la Waislamu peke yao. Mtoto wa Mmbeere anayekwenda kanisani Jumapili amewekwa tabaka lile lile, anadaiwa salio lile lile. Mtafute. Andikeni barua moja, majina mawili. Haki ya mtu mmoja huitwa fujo, ya kumi na tano huitwa kesi.

FANYA HIVI WIKI HII

Kwanza, kabla hujachagua chuo, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, au kama ni chuo kikuu, kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kozi yenyewe pia iwe imeidhinishwa. Na ujue hili: ufadhili wa serikali unawafuata waliopangiwa vyuo vya umma na KUCCPS. Ukienda chuo kikuu cha kibinafsi, tegemea mkopo tu. Asikudanganye wakala yeyote.

Pili, unapojaza fomu, piga picha kila ukurasa kabla ya kutuma. Usimwachie mtu wa saiba ajibu kwa niaba yako, na usimwachie nywila yako. Sema kweli, usijifanye maskini wala usijifanye tajiri. Uongo kwenye fomu unamnyima mtu mwingine.

Tatu, weka daftari. Kila stakabadhi, kila ujumbe wa HELB, kila malipo ya M-Pesa. Tarehe na kiasi.

Nne, ukishaingia, mwandikie mkuu wa chuo barua, nakala kwa mhasibu. Fupi, ya heshima, namna hii:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba kujulishwa: ni kiasi gani cha ufadhili na mkopo kimepokewa na chuo kwa jina langu mwaka huu, na tarehe gani, kimetumika kulipia nini, nani aliidhinisha karo ninayotozwa, kama kuna salio la ziada, litarudishwa lini, na kama niliahirisha masomo, ni kiasi gani kilirudishwa HELB."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo ukae nayo. Hesabu siku 21.

Tano, wakikujibu vizuri, washukuru na uwaambie wenzako, manake kuna vyuo vinavyofanya kazi kwa uaminifu na vinastahili kusemwa. Wasipokujibu, nenda Ombudsman. Kupeleka malalamiko huko ni bure.

Utaambiwa una kiburi. Utaambiwa wewe ni wa kwanza kuuliza. Jibu kwa adabu: nashukuru, basi niwe wa kwanza. Wewe utaitishwa cheti cha HELB maisha yako yote ya kazi. Chuo nacho kijifunze kuitishwa jibu la ukurasa mmoja.

Sambaza kwa kijana mmoja anayejaza fomu sasa hivi. Halafu mkae pamoja muandike ile barua.

Wabillahi tawfiq.